Pesa ya Bunia isikae kwenye simu ya mtu mmoja

Mshauri,

Naishi Grand Rapids, Michigan. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Mudzipela, Bunia. Huku tuko wamama kumi na wawili wa Ituri na tuna likelemba yetu, mchango wa kupokezana wa kila mwezi. Mwaka huu tumekubaliana kuongeza zamu moja ambayo haitakuwa ya mtu: itakuwa ya watoto waliokimbia vita ya Djugu na sasa wako kambi ya Kigonze, kule Bunia. Kuna mwalimu anayetutumia picha kwa WhatsApp, watoto wamekalia mawe darasani, na nikiziangalia silali. Tunasikia pia kwamba misaada ya Marekani imekatwa, basi tumeona tusingoje mtu.

Tunataka kufungua ukurasa wa kuchangisha mtandaoni, tuweke picha hizo, ili hata wenzetu wa kanisani ambao si Wakongomani wachangie. Mdogo wangu aliyeko Bunia amejitolea pesa zote zipite kwenye simu yake, yeye ndiye atakayenunua madawati. Mume wangu hataki. Anasema pesa zitapotea na familia itavunjika. Kijana wangu wa kwanza anasomea kompyuta, mfukoni hana kitu, lakini anasema kuna kazi ya bure anayoweza kuwafanyia watu wa kwetu akiwa hapa hapa. Tuanzie wapi? Na mdogo wangu nimwambieje asione kwamba dada yake amemwita mwizi?

Mama wa Watatu

JIBU

Mama wa Watatu,

Swali la mdogo wako umeliweka mwisho kabisa, lakini nadhani ndilo lililokufanya uandike. Mambo ya ukurasa na kompyuta yana majibu yanayojulikana. Hili la ndugu ndilo linaloua miradi mingi ya watu walio ng'ambo, kwa hiyo tuanze nalo.

Mume wako ana haki nusu. Pesa zinaweza kupotea, lakini si lazima awepo mwizi. Chukua mfano wa dola 600 zilizoingia kwenye M-Pesa ya mdogo wako Jumamosi asubuhi. Wakala wa pale kona hana dola za kutosha, anamwita mwenzake, na kabla jua halijazama avenue nzima inajua. Jumapili shangazi yenu anapelekwa hospitali. Jumatatu kuna matanga. Mdogo wako atasema nini, kwamba hizi ni za watoto wa Kigonze? Atakopesha mia moja kwa nia safi ya kuzirudisha. Fundi seremala aliyelipwa nusu naye ataweka mbao za watu pembeni, ashike kazi ya mteja mwenye pesa mkononi. Mwezi wa pili mnauliza madawati yako wapi, yeye hapokei simu, na hakuna hata mmoja aliyeiba. Na hata akishinda yote hayo, akamkatalia kila aliyekuja kuomba, ataitwa mchoyo na ukoo wake mwenyewe kwa ajili ya pesa ambayo si yake. Mzigo kama huo humtwishi hata adui.

Basi mwambie hivyo hivyo. Mpigie simu, usimwandikie. Maneno ya pesa yakiandikwa husomeka kama mashtaka. Tena mpigie wewe, kabla mume wako hajapata nafasi ya kusema la kwake. Mwambie: "Mdogo wangu, sitaki watu wajue kwamba unashika pesa. Sitaki mtu akugongee mlango usiku." Kwa Bunia ya miaka hii sentensi hiyo haihitaji maelezo. Kisha mpe kazi ya kweli, kazi ambayo wewe huwezi kuifanya ukiwa Michigan. Aende kwa mafundi watatu achukue proforma tatu za bei. Aingie karakana aangalie kama mbao zimekauka au bado zinatoa maji. Siku ya kupokea mzigo awepo, ahesabu madawati moja moja, apige picha ya facture yenye muhuri na saini, awatumie kwenye kundi lenu la WhatsApp siku hiyo hiyo. Na mlipeni nauli ya pikipiki na vocha. Anayewafanyia watu kazi bila hata nauli, iko siku atajilipa mwenyewe.

Sheria mnayoihitaji ni moja, nayo ni fupi: anayepokea pesa kutoka kwenu asiwe ndiye anayenunua, na anayenunua asiwe ndiye anayehesabu. Mdogo wako ahesabu. Manunuzi yaachieni kamati ya wazazi ya shule pamoja na mkuu wa shule, kwa sababu wao ndio watakaoishi na madawati hayo. Pesa ipokelewe na nani? Tafuteni parokia, kanisa, au chama kilichosajiliwa kama asbl (shirika lisilo la faida), chenye akaunti ya benki inayohitaji saini mbili. Asbl za kwetu zinaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na uhalali wake kamili hutolewa na Waziri wa Sheria huko Kinshasa. Viko vyama vyenye karatasi ya muda ya mkoa tu. Si kwamba ni vya uongo, ila mitandao ya kuchangisha na benki za ng'ambo zitaomba hati kamili, kwa hiyo ombeni picha ya hati hizo mapema.

Sasa ukurasa wenyewe. GoFundMe, ambayo nadhani ndiyo mliyoifikiria, haina huduma ya kulipa pesa Kongo. Anayefungua ukurasa lazima awe katika nchi wanazohudumia, na pesa huingia kwenye akaunti ya benki ya huko. Maana yake, mmoja wenu Grand Rapids atapokea pesa za watu wasiomjua kwa jina lake, kisha yeye ndiye atakayejibu zimekwenda wapi. Mnarudi palepale tulipomtoa mdogo wako, safari hii mhanga ni wewe. Tena kila mchango unakatwa ada njiani.

Njia ninayoipenda zaidi iko karibu nanyi kuliko mnavyodhani: kanisa lenu. Kwa sheria ya Marekani makanisa huhesabiwa kuwa mashirika ya hisani, na anayetoa kupitia kanisa anaweza kudai nafuu ya kodi. Akitoa kwenye ukurasa wa mtu binafsi, hawezi. Masharti ni kwamba kanisa liukubali mradi kuwa wake na lisimamie pesa lenyewe, lisiwe bomba la kupitishia tu. Zungumzeni na mchungaji na mtunza hazina. Iko pia GlobalGiving, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo hukagua hati za chama cha huko kabla ya kukiruhusu kuchangisha. Ukaguzi wake unachosha, lakini jina linalosimama mbele ya wachangiaji ni la chama cha Bunia, wala si la mama mmoja wa Michigan. Wakenya wamehamishia harambee kwenye simu kwa M-Changa, lakini kwetu sijaona chetu kinachofanana nayo. Naona aibu kidogo kuandika hivyo, maana harambee na likelemba ni ndugu wa damu.

Kuhusu njia ya pesa, mawili tu. Msizipitishe Goma kwa mazoea. Waasi wa M23 walipouteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025 benki zilifungwa, na waliozoea kupitishia pesa pale wakakwama. Na pesa zikitolewa taslimu, mpokeaji akague kila noti mbele ya aliyempa. Unakumbuka mwenyewe: dola yenye mpasuko mdogo kama kucha, dukani Bunia wanakurudishia kana kwamba umewapa gazeti.

Nije kwenye picha, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Usiweke sura za watoto wale kwenye ukurasa. Najua kwamba picha ndiyo inayofungua pochi. Najua mwalimu amezituma kwa moyo mwema. Lakini Ituri si mahali ambapo mkimbizi akishafika kambini hatari imekwisha. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 wanamgambo wa CODECO waliingia kambi ya Plaine Savo, huko Djugu, wakaua watu wapatao 60, wengi wao kwa mapanga. Kambi ile ilikuwa inajulikana, ina jina, iko kwenye orodha za misaada. Na kwetu jina la mtoto peke yake, pamoja na jina la kijiji alichotoka, humwambia msomaji wa huko yeye ni kabila gani na baba yake alikuwa upande gani. Msomaji wa Michigan haoni chochote. Wa Djugu anasoma barua nzima.

Kama unaona natia chumvi, kumbuka kesi ya Thomas Lubanga, aliyekuwa mkuu wa wanamgambo wa Ituri, huko The Hague. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwezi Machi 2012, na ilihusu watoto wa Ituri waliotiwa jeshini. Mashahidi wengi walitoa ushahidi bila majina yao, sura zimefichwa na sauti zimebadilishwa. Mahakama yenye walinzi na ukuta iliona sura ya mtu wa Ituri isitoke nje, nasi tuiweke kwenye ukurasa ambao kila mwenye simu anaufungua?

Pigeni picha ya madawati. Pigeni picha ya fundi, akikubali, akiwa na randa mkononi. Ni mtu mzima, ni kazi yake, na itamtangaza. Darasa lipigwe kutoka nyuma, visogo na daftari. Mwambieni pia mwalimu azime kitu cha mahali kwenye kamera ya simu yake, kwa sababu picha inaweza kubeba ndani yake alama ya pale ilipopigwa. Picha za zamani mlizonazo, msizisambaze kwenye kundi la likelemba. Hakuna kundi la WhatsApp la watu kumi na wawili. Kuna kundi la kumi na wawili na waume zao na binamu zao.

Kisha kuna jambo ambalo hukuuliza. Mna uhakika gani kwamba shida ni madawati? Mawe yanaonekana kwenye picha, kwa hiyo yanapata huruma. Mwalimu asiyelipwa haonekani. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za umma ni za bure nchini, lakini walimu wengi, hawa tunaowaita N.U., wamefundisha miaka bila kuingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Huenda watoto wa Kigonze wanasoma katika shule ya mtaa iliyokuwa imejaa hata kabla hawajafika, na shule hiyo inahitaji vyoo kabla ya viti. Huenda walioacha kabisa ni wale waliofikia sekondari, ambako ada bado ipo. Hujui, nami sijui, wala mwalimu mmoja mwenye simu nzuri hajui yote. Muulizeni mkuu wa shule. Iulizeni kamati ya wakimbizi ya kambi, ambayo ina rais wake na wajumbe wake. Waulizeni pia wazazi wa mtaa unaowapokea, tena kwa uzito uleule: mtoto wa Bunia anayekalia jiwe hilohilo akiona dawati lina jina la mkimbizi peke yake, mmeanzisha ugomvi mpya katika mji ambao mwezi Mei 2003 ulipiganiwa mtaa kwa mtaa. Madawati yawe ya darasa.

Hapo ndipo kijana wako anapoingia, na ninafurahi umemtaja, maana anaweza kuwa na mchango mkubwa kuliko zamu yenu nzima ya likelemba.

Kuna programu inayoitwa KoboToolbox, inayotumiwa na mashirika ya misaada kukusanya majibu kwa simu. Ni ya bure kwa kazi kama hii. Mwanao akae Grand Rapids atengeneze fomu ya maswali machache: watoto wangapi darasani, wangapi wana pa kukaa, mwalimu analipwa na nani, choo kiko umbali gani. Mdogo wako aipakue kwenye simu yake akiwa penye mtandao, aende shuleni ajaze bila mtandao, na majibu yajitume yenyewe akirudi mjini. Fomu isiulize jina la mtoto wala kabila. Kwa siku mbili mjomba na mpwa wake watakuwa wamefanya kazi pamoja, na wewe utakuwa na takwimu za kumwonyesha mchungaji badala ya picha ya machozi. Tena mdogo wako ataona kwa macho yake kwamba hakuondolewa.

La pili ni ramani. Pengine ndilo kijana alilokuwa nalo kichwani. Ipo ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanza Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na yeyote kuitumia bure. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, wachoraji wa kujitolea waliona kazi yao inaokoa watu, wakajipanga kuwa Humanitarian OpenStreetMap Team. Mwaka 2014 wao pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka na Msalaba Mwekundu walianzisha Missing Maps, na mojawapo ya miji ya kwanza waliyoichora ni Lubumbashi. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kuingia Ituri, vijana wa nchi nyingi walikaa mbele ya kompyuta wakichora nyumba na njia za vijiji vyetu kutoka kwenye picha za setilaiti. Timu za afya zilikuwa zinatafuta mtu aliyemgusa mgonjwa, zinaambiwa kijiji fulani, na kijiji hicho hakimo kwenye ramani yoyote. Ugonjwa ulikwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287. Siwezi kukuambia ramani iliokoa wangapi. Ila anayepanga chanjo bila kujua nyumba ziko wapi anapanga gizani.

Kazi yenyewe iko hivi: eneo hukatwa vipande vya mraba, kila mchoraji huchukua kimoja, anazungushia mapaa ya nyumba, anafuata barabara kwa mstari, akimaliza mwenye uzoefu hukagua. Asikate tamaa kazi yake ya kwanza ikirudishwa. Picha ya setilaiti haisemi jina la mto wala haitofautishi shule na ghala. Hilo hujazwa na mtu wa mahali. Mkoani Mara, Tanzania, wachoraji wa Crowd2Map wamefanya kazi hiyo tangu 2015, walio nje wakichora na walio vijijini wakitia majina kwa simu, hadi wanaharakati wakaweza kuvifikia vijiji ambako wasichana wanakimbia ukeketaji. Kijana wako ana bahati ambayo mchoraji wa Ujerumani hana: anaweza kumpigia mjomba wake na kuuliza, "Ile barabara inayopita nyuma ya soko inaitwaje?" Achore barabara, shule, vituo vya afya, visima. Makazi ya waliokimbia na mahali wanapojificha wanawake asivitie jina kwenye ramani iliyo wazi kwa wote, kwa sababu niliyokwisha kuieleza juu ya picha.

Na wewe mwenyewe una kitu cha kutoa. Translators without Borders walipochunguza mambo ya lugha mashariki mwa Kongo wakati wa Ebola, walikuta matangazo ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu yakiwapita watu wengi pembeni. (Ndiyo, safu hii nayo imo.) Wanahitaji watu wanaosema Kiswahili cha kwetu, kile cha sokoni Bunia, watafsiri na kusahihisha kwa kujitolea. Saa moja ya jioni, watoto wakishalala, inatosha kuanza.

Kuhusu ukubwa wa mradi: misaada ya Marekani imekatwa kweli. USAID ilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025, na Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu Kongo. Wamama kumi na wawili hamtaliziba pengo hilo, na msijaribu. Chagueni shule moja, darasa moja ikibidi, na ile zamu yenu irudi kila mwaka bila kukosa. Mkuu wa shule anayejua kwamba Juni kuna kitu kinakuja hupanga vizuri kuliko aliyeletewa dola elfu tatu mara moja halafu kimya.

Mwaka wa shule unaanza wiki ya kwanza ya Septemba, na mwezi Agosti mafundi seremala wa Bunia hawashikiki. Proforma ziwe mkononi mwenu kabla ya katikati ya Juni. Lipeni theluthi ya kwanza mbao zikionekana, ya pili madawati yakisimama, ya mwisho mdogo wako akishahesabu.